Anwani ya Zamani

Zaituni aliweka ufagio chini akasimama nyuma ya kiti cha fundi wa kompyuta wa gazeti. Gazeti hilo lilikuwa linahamia anwani mpya ya mtandao. Picha ya mdogo wake Mwajabu, aliyepotea mwaka wa sita sasa, ilikuwa kwenye anwani ya zamani, ile iliyoandikwa kwenye matangazo aliyoyabandika stendi za mabasi za miji saba.

"Kaka Hamduni, mtu akifungua ile ya zamani ataona nini?"

"Ataambiwa ukurasa haupo."

"Haupo vipi, na mimi bado namtafuta?"

Fundi akacheka. "Mfagiaji leo unanipangia seva?"

"Siku ya tatu nakuangalia ukiandika. Huo mstari wa juu unafanya kazi gani?"

"Unampokea mgeni. Akibisha kule tulikohama, seva, hii kompyuta inayotunza kurasa zetu, inamleta huku, mwenyewe hata hajui."

"Basi mwandikie na Mwajabu mstari wake."

Hamduni aliacha kucheka. Akaandika mstari mmoja, akaiwasha seva upya, kisha akamfungulia orodha ya wanaopita.

"Kila atakayekuja kwa anwani ya zamani, saa yake itaandikwa hapa."

"Hata akija yeye mwenyewe?"

"Hata yeye."

Zaituni akavuta kigoda karibu na kioo cha kompyuta. Orodha ilikuwa bado nyeupe, bila saa hata moja, na kijiti cheusi cha kuandikia kikiwakawaka juu kabisa.