Kamera Mbili kwenye Harusi ya Bibi

Siku hizo kamera za kitaalamu hazikuruhusiwa kisheria kutoa picha ya mtu mwenye machozi wala uso uliokunjamana; zilimwekea tabasamu zenyewe. Tunu Mbaruku, mpiga picha wa Morogoro, alikuwa nayo moja ya kisasa, isiyo na kioo cha kuakisi ndani, yenye lenzi nene kama kopo. Lakini bibi yake, Sikujua, aliyekuwa akiolewa tena akiwa na miaka sabini na mbili, alimletea kamera ndogo ya mfukoni, ya zamani, isiyoijua sheria hiyo.

"Nipige na hii pia, mjukuu wangu."

"Bibi, hii itakuharibu! Kivulini haioni vizuri."

"Wewe piga tu."

Tunu akapiga kwa zote mbili. Picha ya kamera kubwa ilitoka safi, hata nyuzi za kanga zilionekana, na maharusi walitabasamu kwa adabu. Ile ya kamera ndogo ilikuwa na chengachenga, na flashi ilifanya macho yawe mekundu. Lakini Bibi alikuwa anacheka mpaka pengo linaonekana, na bwana harusi, Mzee Kibwana, analia kwa furaha.

"Mume wangu ndiye huyu!" Bibi akapiga kigelegele. Nyumba nzima ikagombania kuiona, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Jioni, akiwa bado anachekacheka, Tunu alifungua albamu ya harusi yake mwenyewe. Marehemu mama yake alitabasamu kwenye kila picha. Tunu alijaribu kukumbuka kama mama alilia siku ile, akashindwa.