Kidole Kwenye Saruji

"Kitendawili," nilimwambia mjukuu wangu tukiwa njiani.

"Tega."

"Babu yako amelala kaburini, lakini kidole chake kimo mitaani kote."

"Dole gumba kwenye saruji, bibi. Hicho umenitegea tangu jana."

Mume wangu alikuwa fundi mwashi. Kila ngazi ya mlangoni aliyoijenga, aliibonyeza kwa dole gumba pembeni kabla haijakauka. Tangu nimzike, nauzunguka mji mtaa kwa mtaa nikizitafuta alama zake. Nikiipata moja naigusa, na roho yangu inatulia.

Asubuhi ile tuliikuta kwenye nyumba ndogo ya kona, nyuma ya stendi. Niliinama niiguse. Kando ya dole lake palikuwa na kiganja cha mwanamke, na chini yake viganja vitatu vya watoto, vimepangwa kwa ukubwa kama sufuria dukani.

Wanangu walipokuwa wadogo walimlilia baba yao wabonyeze mikono yao kwenye ngazi yetu, akawafukuza. Saruji si mchezo, aliwaambia.

Mjukuu akatia mkono wake kwenye kiganja kidogo kabisa. "Bibi, kimenitosha."

Mlango ukafunguliwa. Mwanamke wa rika langu alisimama na ufagio mkononi, akatabasamu.

"Karibuni. Mnaiangalia ngazi yetu? Aliijenga marehemu mume wangu." Akanitazama vizuri. "Ulimjua, dada?"

Nilimwinua mjukuu, nikampangusa vumbi kiganjani.

"Sikumjua," nikasema.