Programu ya Chausiku

Chausiku alibuni programu ya kompyuta ya kupangia dawa na dozi zahanatini, akaiacha wazi kila mtu aitumie na kuirekebisha. Lakini marekebisho aliyotumiwa aliyakataa yote, wala hakumjibu mtu. Mwishowe Makame, mmoja wa waliopuuzwa, akachukua nakala, akakaribisha wenzake waiendeleze pamoja.

Siku Chausiku alipompeleka mama yake kutibiwa, aliikuta nakala hiyo kwenye kompyuta ya muuguzi, tena kwa lugha ya kwao, ambayo programu yake haikuwa nayo.

“Hawa ukiwaeleza kasoro wanakushukuru,” muuguzi alisema. “Yule wa mwanzo alijiona mfalme.”

“Si ndiyo uliyoiandika wewe, mwanangu?” mama akauliza.

Chausiku akajibu: “Hapana, mama. Wameiandika wengi.”

Muuguzi akamgeuzia mama kioo cha kompyuta. Mama akaanza kujisomea dozi yake, polepole, kwa sauti, huku Chausiku akitazama sakafu.