Isale Kwenye Kompyuta

Gladys alikuwa katikati ya kicheko, vidole vikikimbia kwenye kibodi, pale jani la isale lilipojaa kioo chote cha kompyuta. Chini yake palikuwa na maneno: "Mke wangu, inatosha kwa leo."

Nyuma yake mumewe, Valerian, alijifanya anasoma gazeti. Programu hiyo aliiandika mwenyewe, yeye bingwa wa kompyuta wa mtaa mzima wa Njoro, cheo alichojipa bila kumsumbua mtu. Ukizidisha kuchati, inafunga kila kitu na kukuletea isale. Na Mchagga akiombwa kwa isale hakatai, hata awe na donge namna gani.

Ndoa ilikuwa inamponyoka, na iliuma. Mwaka mzima Gladys aliongea na kibodi, Valerian akaongea na kisogo. Mwanamume mwingine angeketi na mkewe wakazungumza. Mtaalamu hafanyi mambo ya kizamani hivyo.

"Umeniwekea isale?" Gladys aliuliza.

"Utalikataa?"

Gladys akazima kompyuta.

Ilipofika Pasaka, bingwa alikuwa ameshinda. Gladys hakuigusa tena mashine. Alirudi kwaya, akasuka nywele, akawa anapika mtori huku anaimba. Valerian alipanda mlimani Kilema kuwatangazia wakwe kwamba amemponya binti yao, nao wakamkaribisha pombe ya mbege kwa heshima zote. Akarudi mjini amevimba kichwa.

Wiki hiyo hiyo alikwenda kwa Tushar, mwenye duka la intaneti, kumuuzia programu ya kupunguza watu kuchati.

"Ndugu yangu, unataka nile nini?" Tushar alisema. "Wateja wenyewe wanapungua. Kuna mmoja alikuwa haondoki kwenye kiti kile, anachati na mke wa mtu wa huko huko kwenu Njoro. Sasa haji kabisa."

Valerian alishikwa na wivu wa kikazi. "Amepona kwa programu ya nani?"

"Programu gani? Yule mama mumewe kamfungia kuchati nyumbani, akaona afadhali amfuate jamaa mwenyewe. Kila jioni yuko kwake mtaa wa Pasua, na nyumbani ameaga anakwenda kwaya."