Vyeti Vinane

Kalamu ilimwishia wino Wening kwenye cheti cha saba, akaazima ya Galih kumalizia cha nane. Vyote vilikuwa vya wenzake wa ofisini waliojitolea kwenye kongamano lake, na hakubania sifa hata kwenye kimoja.

"Andika niliongoza watu, dada," Galih alisema, akimchungulia begani. "Si nilisimamia ukuta?"

"Ukuta ni watu?"

"Ule ulikuwa mbishi kuliko watu. Wewe andika."

Akaandika. Yeye mwenyewe alijua uchungu wa kukosa karatasi kama ile.

Kwa miaka minne alikuwa amekalia kiti kilekile katika kampuni ya kutengeneza programu za kompyuta pale Yogyakarta. Mara tatu aliomba uongozi wa timu, na mara tatu Bwana Darsono, bosi wao, alimjibu vilevile: kazi unaijua, ila hujawahi kuongoza watu. Kila asubuhi saa tatu kamili, timu yao ya watu tisa ilisimama mbele ya ubao wa kadi wenye safu za "Bado", "Inaendelea" na "Imekwisha", na kila mmoja akajibu maswali matatu. Jana umefanya nini? Leo utafanya nini? Nini kinakukwamisha? Galih siku zote alikwamishwa na joto. Wening alikwamishwa na Bwana Darsono, lakini hilo halikuwa la kusemwa ubaoni.

Ndipo alipojiunga na jumuiya ya Agile ya mjini, kundi la watu wa fani yao waliokutana kila mwezi kufundishana namna hiyo ya kufanya kazi kwa hatua fupi fupi. Alianza kwa kupanga viti. Mwaka wa pili akawa ndiye mtafutaji wa ukumbi, wazungumzaji na chakula. Mwaka huu wakamkabidhi kongamano zima la Juni, watu mia tatu, naye akaapa kwamba safari hii bosi atakuja kuona kwa macho yake.

Kilichomtia hofu ni watu wa kujitolea. Aliomba ofisini bila matumaini. Wenzake walikuwa na mikataba ya miezi sita sita. Ni yeye peke yake aliyeajiriwa moja kwa moja, na mtu wa miezi sita hatoi Jumamosi yake bure.

Wote wanane wakanyoosha mikono.

Tena kila mmoja alikuja na ombi lake. Tantri alitaka mapokezi, pale wageni wa makampuni walipojiandikisha. Wawili waligombania kuwapelekea chai wageni haohao. Galih aling'ang'ania ukuta ambapo makampuni yalibandika kadi za nafasi zao za kazi. Wening alilazimika kutoka nje kidogo ili asilie mbele yao.

Siku yenyewe walifika kabla ya mlinzi, mashati yamenyooka kama ya maharusi. Bwana Darsono aliingia saa nne, akala lemper mbili, vile vitafunwa vya wali vilivyofungwa kwa majani ya mgomba, akaongeza ya tatu, akasimama pembeni na jani la mgomba mkononi akiwatazama watu wake wanavyochangamka. Jioni viti vilikuwa vimerudishwa, sakafu imefagiliwa, na ukutani hapakubaki hata kadi moja.

"Mmesafisha hadi ukuta," Wening alisema.

"Tumeusafisha wote, dada," Galih akajibu. "Hakuna aliyezembea."

Bosi alimwita kando. Alimwambia kwamba wale wanane amewaajiri yeye, anawalipa yeye, na hajawahi kuwaona wakikimbia namna ile.

"Umewapa nini?"

"Nafasi tu, bosi."

Bwana Darsono akacheka, akampa mkono. Tarehe mosi Julai, mikataba mipya ikianza, timu ingekuwa yake.

Wiki zilizobaki za Juni zilikuwa za meno. Mmoja baada ya mwingine waliomba ruhusa ya asubuhi kwenda kwa daktari wa meno, na kila mara Wening alibeba kazi ya aliyeondoka na kumtetea kwa bosi. Hakunung'unika. Alihesabu kwamba ndivyo kiongozi anavyojengwa, kwa mambo madogo ambayo hakuna anayempigia makofi. Wao nao walimshukuru kupita kiasi. Tantri alimkumbatia Ijumaa ya mwisho mpaka miwani ikaanguka.

Jumatatu, tarehe mosi, alifika mapema, barua ya cheo mkobani na lemper tisa kwenye mfuko, bado za moto. Alizipanga mezani. Akajizoeza kimoyomoyo namna ya kuuliza yale maswali matatu. Saa tatu kamili, viti vinane vikiwa bado vitupu, akageukia ubao.

Chini ya "Imekwisha" zilikuwa zimebandikwa kadi nane, za miandiko minane, kila moja na jina la mwenyewe. Ya Galih ilikuwa na mstari wa ziada: "Cheti kimefanya kazi, dada. Leo hakuna kinachonikwamisha."