Maji ya Uvuguvugu

Tone la kwanza lilimdondokea Mzee Kalinga kwenye upara, naye akatazama juu kwa hasira. Mvua ilikwisha tangu Mei. Sasa ni Agosti, upepo wa Iringa unapasua hata midomo, na chumba cha Damari kinavuja.

Kilichomshangaza zaidi ni Damari mwenyewe. Mpangaji gani huyo, kitanda kinalowa na halalamiki? Mjane yule alikuwa ameweka sufuria juu ya godoro, kimya, na alipoulizwa akajibu kwamba maji ameyamwaga yeye. Ameyamwagaje kutoka juu?

"Ni maji kidogo tu, mzee. Yatakauka."

Kidogo! Kalinga alirudi kutoka vita vya Burma na uhai wake na akiba yake, na vyote viwili akavitia katika ghorofa hii. Kuta zake ni za matofali mabichi. Tofali bichi likilowa linarudi kuwa udongo, na nyumba ikianguka, uzee wake nao umeanguka.

Juu ya Damari, kwenye sakafu ya mbao, aliishi Edmund, fundi cherehani, kijana ambaye Kalinga mwenyewe alimsimamia kipaimara. Mzee akapanda ngazi. Edmund akatoka, akafunga mlango nyuma yake, akaeleza kuwa birika lilipinduka. Ndani hapaingiliki, eti gauni la bibi harusi limetandazwa chini. Kalinga akamwamini. Angeachaje kumwamini mtoto wake wa kipaimara?

Kesho yake maji yakashuka tena, saa ile ile. Kalinga akayakinga kwa kiganja. Yalikuwa ya uvuguvugu, na yalinukia sabuni.

Jioni mkewe, Juliana, akarudi kutoka misheni, alikosema anafua vitambaa vya altare. Mikono ya gauni lake ilikuwa imelowa. Naye alinukia sabuni ile ile.

"Siku hizi misheni mnafulia maji ya moto?"

"Ya baridi, Mzee Kalinga. Nani atatuchemshia?"

Mzee Kalinga. Zamani alimwita Baba Lea, kama mtaa mzima ulivyomwita. Lakini tangu Pasaka, siku aliyomfukuza binti yao kwa aibu aliyowaletea, Kalinga alipiga marufuku jina la Lea kutamkwa mbele yake. Juliana hakubisha. Aliacha tu kucheka.

Sasa mzee akaanza kuunganisha mambo. Cherehani ya Edmund inayolia saa zote, hata Jumapili, bila kumwogopa Mungu. Mabakuli ya uji anayobeba Juliana, eti ya wagonjwa. Wapangaji wanaonyamaza ghafla akipita uani. Kumbe nyumba nzima inajua, na yeye ndiye mjinga wao! Kikulacho ki nguoni mwako. Kule Burma alipigwa risasi na adui, akavumilia, maana adui ndiyo kazi yake. Hawa aliwapa nyumba.

Asubuhi Juliana akaaga kwenda misheni. Kalinga akakaa chumbani kwa Damari, macho juu, mpaka tone likadondoka. Hapo akavua viatu na kupanda ngazi polepole. Mlangoni kwa Edmund palikuwa na viatu vya mkewe. Na ndani Juliana alikuwa akicheka, kile kicheko chake cha zamani ambacho mumewe alidhani kimekufa.

Damari akamfuata mbio, akamshika shati. "Mzee, kwa jina la Bikira Maria, rudi chini."

Hata huyu. Kalinga akamtoa mkono, akausukuma mlango kwa bega.

Edmund aliganda kwenye cherehani, mguu juu ya pedeli. Juliana alikuwa amepiga magoti, mgongo wake mlangoni, mikono ya gauni imekunjwa, viganja ndani ya beseni. Kimguu kinene cha mtoto mchanga kikapiga maji, yakaruka na kupenya katikati ya mbao.

"Funga mlango, Lea," Juliana alisema bila kugeuka. "Kalinga atapata baridi."