Chumba Kilichoota Kando ya Jiko

Nyumba za siku hizo zilipandwa kama migomba. Ziliota chumba mtoto alipokuwa njiani, na ziliziba taratibu mlango wa mtu aliyekaribia kufa. Mafundi walibaki na kazi ya kusawazisha kuta na kufunga madirisha.

"Hongera, mama," fundi Senzighe alisema, akigonga ukuta mbichi kando ya jiko. "Hiki ni cha mtoto."

Nakiete, aliyengoja mtoto tangu aolewe, alipiga magoti vumbini akamshukuru Mungu kwa sauti.

Baba mkwe wake akatoka chumbani kwake kuja kuona. Alipita kiubavu, mabega yakikwaruza mlango.

"Mwanangu, ugali wako umeninenepesha!" akacheka.

Fundi akatazama chini. Nakiete akaanza sala upya, polepole, akimshukuru Mungu kwa wote wawili.